Magadi, Tangawizi na Kahawa ya Kutafuna

Zamani za Mjerumani, hapa Kituntu aliishi Abdulrahim, mtu wa Tabora, akiuza kaniki na shanga nyumba kwa nyumba. Mkewe, Zuena, alikuwa Mnyambo wa hapa hapa. Walikaa vizuri tu na binti yao Shufaa, ila jamaa alikuwa na kiungulia. Kifua kinawaka, maji machungu yanampanda mpaka kooni.

Akajaribu dawa. Magadi yalimcheulisha, akapata nafuu, jioni moto ukarudi. Tangawizi ndiyo ikachochea kabisa. Maziwa yalipoza, lakini akiinama kufungua mzigo, kinaanza upya. Unga mweupe wa dawa wa kutoka Bukoba ulikuwa sawa na magadi, ila ulimfunga choo.

"Mama Shufaa, Idd ikifika sijapona, tunahamia Tabora. Kuna mganga wa kwetu kule."

Mama yake Zuena alikuwa nyumba ya pili, miguu haimbebi. Nani angemwangalia?

Ramadhani ikaingia. Abdulrahim akawa analamba magadi kila daku, na kiungulia kikapotea! "Kumbe magadi yanataka daku! Hatuhami!"

Idd ikapita, akarudi kwenye biashara. Jioni hiyo hiyo kaja kashika kifua. "Funga mizigo."

"Ngoja kwanza. Leo kila nyumba wamekupa amwani?"

Kwetu mgeni anapewa kwanza amwani, kahawa ya kutafuna. Ukiikataa, mwenye nyumba anaona unamshuku sumu, na kaniki yako hanunui.

"Wamenipa, nimetafuna. Ningefanyaje?"

"Na Ramadhani, ulitafuna?"

"Nilikuwa nimefunga, nitafune vipi..."

Zuena akacheka mpaka akakaa chini. "Unalinganisha dawa, baba Shufaa, na ugonjwa unautafuna mwenyewe!"

"Sasa nikikataa tutakula nini?"

"Nani kasema ukatae? Pokea kwa mikono miwili, tafuna punje moja, zingine funga kwenye pindo. Sema unampelekea mkeo. Na usitoke hapa bila kula ndizi."

Basi ikawa hivyo. Moto ukapoa, magadi yakabaki ya siku akivimbiwa pilau. Tabora haikutajwa tena. Wanawake wakapata cha kuwasimanga waume zao: "Mwone Mswahili, hata amwani hamalizi bila kumkumbuka mkewe!"

Na jioni Zuena alikuwa anakaa mlangoni kwa mama yake, kikapu cha amwani katikati, wanatafuna.