Shangazi na Mstari wa Manjano

Saa mbili kasoro robo asubuhi, dekio la Shangazi linafika kwenye mstari wa manjano na kusimama.

Mstari wenyewe ni mwanga tu. Projekta sita zilizofungwa kwenye dari ya ukumbi wa maonyesho zinamwaga video kwenye kuta zote nne na sakafuni, hadi mtazamaji anajiona yuko katikati ya mpaka: uzio huku, askari kule, mbuzi wakipenya chini ya waya bila kuulizwa kitambulisho.

"Shangazi, nusu ya pili nani atadeki? Mbuzi?" fundi mitambo anamtania kutoka juu ya ngazi.

"Koma wewe. Nakuja."

Haji. Anakamua dekio lililokwisha kukauka, anazunguka na ndoo, anarudi palepale. Wiki iliyopita msimamizi alimkaripia, maana wageni walikuta nusu ya ukumbi inang'aa na nusu ina vumbi.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili, anayeitwa Shangazi na ukumbi mzima, amezaliwa kwenye mpaka huohuo. Aliolewa upande huu, mama yake akabaki ule wa pili. Walitembeleana kila wiki hadi miaka kumi na moja iliyopita, geti lilipofungwa na watu wawili wakapigwa risasi mstarini, yeye akiona.

Mwaka jana alipata kibali cha siku moja, baada ya kukisubiri miezi kumi na minne. Alipofika mstarini, miguu iligoma.

"Askari aliniambia, pita mama, foleni ndefu. Nilimsikia vizuri. Nikarudi na zawadi zangu kwapani."

Kibali cha pili ni cha Jumamosi hii. Ndiyo maana humwomba fundi awashe video kabla hajadeki. Anafanya mazoezi.

Kwenye ukuta wa kushoto, kwa sekunde tisa, bibi kizee anaanika shuka kwenye uzio.

"Yule mama yangu. Aliyempiga picha hakujua kuwa binti yake anadeki hapa. Siku ya kwanza nilidondosha ndoo." Mama huyo ana miaka themanini na moja, na macho yanamfifia. "Nikichelewa, atanipapasa tu."

"Nizime, udeki yaishe?" fundi anauliza.

"Ukizima, nitakuwa nimejifunza nini?"

Bibi anatokea ukutani. Shangazi anasukuma dekio, linavuka. Ndala moja inafuata. Ya pili inabaki hewani, kisha inarudi ilikotoka.

Fundi safari hii hacheki.

Jumamosi binti ya Shangazi atamsindikiza hadi foleni inapoishia, pale mstarini. Binti hana kibali, lakini Shangazi ameshampa kazi.

"Nimemwambia akae nyuma yangu. Nikisimama, anisukume. Asinionee huruma. Kusukuma mtu hakuhitaji kibali."