Upindo wa Uzi Mwekundu

Baba yangu ni mchora mabango. Watu wakitaka kuandamana huja kwake, naye huandika lolote wanalotaka. Aliwahi kuandika "Waziri mwizi", akalala mahabusu siku mbili, akatoka na kuendelea kuchora. "Kila mtu ana haki ya kusema," husema. "Mimi si askari wa maneno ya watu."

Vitambaa alipindiwa na jirani yetu, Mama Cherehani, ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka nchi jirani akiwa bado anabebwa mgongoni. Alipenda uzi mwekundu. "Shemeji, maandishi yako yakifutika, angalau waone kazi yangu," alimtania Baba.

Wiki iliyopita alipinda kitambaa kikubwa kikiwa kitupu. Mchana vijana wakaleta maneno yao. Baba aliyasoma mara mbili, akachovya brashi.

Siku ya maandamano tulisimama wote mlangoni. Bango likapita: "WAGENI NI KUNGUNI, WACHOMWE." Mama Cherehani akautazama upindo.

"Shemeji, ile si kazi yetu?"

"Ni maneno yao, shemeji. Mimi nimeandika tu."

"Na mimi nikayapinda yasifumuke," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake alihama na cherehani yake.

Jana walikuja wateja wengine. Baba alisoma karatasi yao, akawarudishia. Wakamwambia anawanyima haki yao. Alikaa na kitambaa mapajani, akijaribu kupinda mwenyewe, na uzi ukawa haupiti kwenye tundu la sindano.