Siku Tulipotua Malishoni kwa Kondoo

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, mwanangu, kabla hata mama yako hajazaliwa, babu yako Daudi aliponipandisha ndege ndogo hapa Sydney twende harusini. Kwa kuwa nawe umeanza masomo ya urubani, keti nikusimulie. Chai ipo, mandazi yapo.

Babu yako alikuwa nesi kama mimi, na leseni yake ya urubani ilikuwa bado inanukia upya. Mtaa wetu wa Fairfield wote ulijua. Hata kanisani walimwita Kapteni, naye akiitika huku anaficha tabasamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Rafiki yetu alikuwa anaoa katika mji mdogo ng'ambo ya milima. Tulikwenda watatu: Daudi, mimi, na Baba Mkubwa Njoroge, kaka yake baba mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Nakuru. Yeye aliketi nyuma, amepakata keki ya harusi kama mtoto mchanga.

Baridi ya Julai kule si kama ya hapa. Theluji na mvua vilikuwa vimelowesha njia ya kutua, na upepo ulivuma kutoka ubavuni, ule unaoisukuma ndege nje ya mstari kila inaposhuka. Mara ya kwanza tulisukumwa kando, Daudi akapaa tena. Vizuri kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini pale chini, kando ya ua wa waya, bwana harusi na jamaa zake walikuwa wanatusubiri na kamera mikononi.

"Turudi Sydney," nikamwambia.

"Turudi, na watu wameshatuona?"

Mara ya pili hakupaa. Gurudumu moja liligusa chini kabla ya mwenzake, ndege ikateleza, ikaacha njia, ikavuka nyasi ikirukaruka hadi malishoni. Pua ikachimba matope, propela ikapinda, bawa likalalia ua. Kondoo walitutazama kidogo, wakaendelea kula.

Nilijipapasa, mzima. Daudi naye mzima, ila alihangaika kufungua mkanda. Nikageuka nyuma. Baba Mkubwa alikuwa na keki kuanzia kofia hadi tai. Akalamba kidole.

"Ni tamu," akasema.

Naona unacheka, unaniuliza mimi nyanya yako: "Really, Shosho?" Ndiyo, mwanangu, hivyo hivyo! Kisha akamtazama Daudi, bila hasira hata chembe.

"Mwanangu, hapa ulikuwa unatua kwa ajili ya nani?"

Babu yako alilia, na mzee akamshika bega mpaka watu wa harusi walipofika mbio.

Nilidhani hatarusha ndege tena. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alirudi kwa mwalimu akajifunza upya kutua katika upepo wa namna ile. Baridi iliyofuata tukaalikwa kule kule, maharusi wetu wanabatiza mtoto. Tukafika, upepo ni ule ule. Akajaribu mara moja, akaona haufai, akageuza. Watu walikuwa wanapunga mikono. Akawatikisia mabawa, akaelekea nyumbani huku anapiga mluzi. Pilau waliila wao. Sisi tulikula chapati za jana jikoni, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda jioni ile.

Basi, mwanangu, upepo ukikukataa, paa tena. Ukikukataa mara ya pili, tafuta kiwanja kingine au rudi ulikotoka. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Watakaokucheka watakucheka siku moja. Sisi tungekulilia maisha yetu yote. Na si ndege tu: hata kazi, hata ndoa, usiishukie kwa sababu watu wanatazama.

Mungu akupe jicho la kuuona upepo mapema na moyo usioona haya kugeuka. Akushushe salama popote utakapokwenda, nasi atukutanishe nawe mezani, chakula kikiwa bado cha moto.