Neno Lililongoja Gulio

Kwemkole, katika vilima vya juu ya Mponde, sheria haikuwa sheria mpaka Mbaraka Shemweta aitangaze gulioni. Cheka ukipenda. Wakubwa wa Lushoto walikuwa na makabati yao, Vuga kulikuwa na muhuri, na karani wa baraza letu alikuwa na daftari lenye jalada gumu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kwa mikono ya tope. Lakini mwanamke anayelima maharage mgongoni mwa mlima hana habari na makabati. Aliyemjua yeye ni Mbaraka, na baragumu lake la pembe, na sauti nene iliyotoka katika kifua chembamba kiasi kwamba wageni waligeuka kumtafuta mwenye sauti nyuma yake.

Hakujua kusoma. Amri mpya ilipofika, karani Fanueli, kijana wa Kilutheri mwenye miwani na heshima nyingi, alimsomea mara kadhaa barazani mpaka akaishika. Kisha kila mmoja aliiweka mahali pake. Fanueli alikata karatasi ndogo, akaandika juu yake neno jipya, akaibandika juu ya lile la zamani kwa uji wa muhogo, na kwa kuwa serikali ile haikuchoka kubadili maneno yake, daftari lilivimba likawa halifungiki. Mbaraka naye aliiweka amri katika soko. Za mifugo alizitangaza penye mbuzi, za maji penye kijito, za msitu pale walipokaa wauza kuni, na za mashamba katikati, mbele ya magunia ya mahindi. Neno lilipobadilika alirudi kusimama palepale alipolitangaza la kwanza, akasema, "Lile nililowaambia hapa nimeliondoa. Shikeni hili." Watu wakajibu, "Tumesikia!" Wasipojibu, hakuondoka. Aliweza kusimama hapo na jua lote utosini, akingoja, mpaka hata wenye ubishi wakajibu ili wapate kuendelea kuuza.

Na mara moja kila mwaka, kabla ya masika, alilizunguka soko, pembe moja baada ya nyingine, akizitaja amri zote zilizokuwa bado zimesimama. Wazee walikuja na vigoda vyao kumvizia akosee.

"Umeruka la mbwa, Mbaraka!"

"La mbwa liliondolewa mwaka wa nzige. Ulikuwa umelewa dengelua."

Watu walicheka sana siku hizo. Nalitaja hili kwa sababu mbele huko hakuna kicheko.

Sasa kazi hiyo ilikuwa na mwiko mmoja. Neno la baraza halikutajwa popote kabla ya gulio, hasa nyumbani kwa mpiga mbiu mwenyewe. Baba mdogo wa Mbaraka, aliyelishika baragumu kabla yake, alimnong'oneza shemeji yake kwamba mbuzi watazuiwa kutoka kijijini kwa ajili ya ugonjwa. Shemeji akawatoa wake mapema. Watu walipojua, hawakumpiga yule mzee wala hawakumtukana; waliacha tu kumjibu. Alisimama penye mbuzi akatangaza, na soko zima likaendelea na shughuli zake kana kwamba ni chizi anayepita. Alikufa mwaka uleule. Mbaraka alipopewa baragumu, aliapa mbele ya jumbe kwamba mke wake atasikia pamoja na wake za watu wengine, si kabla.

Mke wake, Mwanamisi, alikubali. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno ya haraka na mkono mzuri wa jembe, na alizoea kusimama gulioni na kapu lake la viazi, akimsikiliza mume wake kama mgeni. Pengine alijibu "Tumesikia" kwa sauti kubwa kuliko wote ili kumchokoza. Akifika nyumbani ndipo alipomkaripia: "Baba Amina, yaani umelala na jambo hilo siku zote hizi, na mimi nakupikia!" Mbaraka alitabasamu tu. Aliona fahari, na sitamlaumu kwa fahari hiyo; ilikuwa fahari ya mtu masikini ambaye watu wanaamini mdomo wake.

Kisha ikaja miaka ya matuta. Kila mwenye shamba kwenye mteremko aliamriwa alikate kwa matuta ya kukingama, mstari juu ya mstari, ili mvua isichukue udongo. Asiyelima matuta aliitwa barazani. Mbaraka aliitangaza amri hiyo katikati ya gulio, na jibu lilichelewa kuliko alivyowahi kulisikia likichelewa. Wanaume waliangalia chini. Kazi ile ilikuwa ya kuvunja mgongo, na migongo iliyovunjika ilikuwa ya wanawake. Basi wengi wakafanya ujanja. Walikata matuta mawili matatu kando ya njia, anapopita mkaguzi, na huko juu wakaacha kama kulivyokuwa.

Mwanamisi hakuweza ujanja huo. Shamba lake lilikuwa juu ya kijito, kwenye mteremko mkali ambao ukidondosha kiazi unakikuta bondeni. "Mke wa mpiga mbiu," alisema, "akiitwa barazani, si mimi nitakayechekwa." Akalima matuta msimu mzima pamoja na binti yao Amina. Yalinyooka hata bwana shamba akaleta watu wa vijiji vingine wayaone. Mwanamisi alisimama pembeni, jembe begani, na uso wake haukuonyesha furaha yoyote. Alikuwa amekonda.

Masika ya mwaka uliofuata yalikuja vibaya. Maji yalituama ndani ya matuta, yakakosa pa kwenda, yakazama ardhini. Katika kijiji cha jirani mteremko mmoja ulipasuka ufa mrefu kama mlango uliofunguliwa kidogo. Hakufa mtu. Bwana shamba alikwenda akauona ufa ule, akarudi, na katikati ya wiki tarishi akaleta karatasi barazani: mashamba yote yaliyo juu ya vijito, matuta yasilimwe tena, na watu wasiingie humo mpaka mvua zikatike.

Fanueli akamsomea Mbaraka. Mbaraka akaomba asomewe tena, na tena, ingawa alikwisha kulishika neno mara ya kwanza. Fanueli akakata karatasi, akaibandika juu ya amri ya matuta. Kwa upande wa daftari, sheria ilikuwa imebadilika kabla uji haujakauka.

Gulio lilikuwa Jumamosi. Ijumaa mama yake jumbe akafariki. Na desturi ni kwamba nyumba ya jumbe ikiwa na msiba, baragumu halilii na gulio halikai mpaka matanga yaondolewe. Neno likabidi lingoje Jumamosi ya pili.

Fanueli alimfuata Mbaraka matangani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Karani."

"Mzee, hili si la kungoja. Pita nyumba kwa nyumba. Hata mimi nitakusaidia."

"Nianzie nyumba ya nani?"

Fanueli akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nikianza kwangu, nimekwisha," Mbaraka alisema. "Nikianza kwa mwingine, mke wangu atasikia kwa jirani kwamba nimemficha. Kamwulize jumbe. Akisema nitangaze, nitatangaza hata sasa hivi."

Fanueli akamwuliza. Jumbe alikuwa ameketi mkekani, macho mekundu, amezungukwa na wajomba zake. Akasema mambo ya mashamba yangoje mama yake apate kupumzika. Ukitafuta wa kulaumiwa hapa utachoka. Jumbe alikuwa mwana aliyefiwa, karani alikuwa kijana, na Mbaraka alikuwa na kiapo. Mimi nimemtafuta huyo mtu miaka mingi, na bado hasira yangu haina pa kukaa.

Jumatano jioni Mbaraka alirudi kutoka matangani amelowa. Mwanamisi alikuwa jikoni akisonga bada ya unga wa muhogo, Amina akikaanga samaki wadogo. Mvua ilipiga migomba bila kupumzika. Mbaraka akakaa karibu na mafiga, akanyoosha miguu, akatazama moto.

"Kesho nakwenda juu," Mwanamisi alisema. "Matuta ya kule mwisho yamebomoka. Mkaguzi akija akute yamesimama."

"Pumzika kesho."

"Nipumzike? Wewe ndiye uliyesimama gulioni ukasema tuta likibomoka lirudishwe."

"Mvua nyingi."

"Mvua! Lini mvua ikanizuia mimi?" Akaacha kusonga. Alimjua mume wake. Alikuwa ameishi na ukimya wake tangu ujana, akajua upi ni wa uchovu na upi ni wa kazi. Akamtazama. "Baba Amina. Kuna neno barazani?"

Hapo ndipo alipoweza kusema. Amina alieleza baadaye kwamba baba yake alifungua mdomo, na yeye Amina akaacha samaki ili asikie. Moyoni Mbaraka alimwona tena baba yake mdogo penye mbuzi, akitangaza bila kujibiwa na mtu. Aliona soko limempa mgongo.

"Hakuna," akasema. "Mvua tu."

Mwanamisi akaendelea kusonga. "Kama ni mvua tu, nitakwenda."

Akaenda asubuhi, peke yake, maana Amina alikuwa na homa kidogo. Mbaraka alimsindikiza mpaka kwenye njia panda. Akamwambia arudi mapema. Akamwambia asifike kule juu kabisa. Akashika hata mpini wa jembe, jambo ambalo hakulifanya tangu walipokuwa vijana, na Mwanamisi akacheka akamwondoa mkono. "Mzee mzima, watu wanatuona." Hakukuwa na mtu yeyote njiani. Mbaraka akakata kona kwenda matangani, na yeye akapanda.

Kabla ya adhuhuri mlima ulishuka. Waliokuwa upande wa pili wa bonde walisema hawakusikia kishindo kikubwa, ila mvumo, na walipotazama, shamba lile lililokuwa mfano wa kata nzima lilikuwa likitembea, matuta yake yamenyooka vilevile, mstari juu ya mstari, mpaka yalipofika kijitoni yakavurugika. Mashamba ya pembeni, ya wale wajanja waliokata matuta mawili matatu kando ya njia, yalibaki palepale. Yapo mpaka leo.

Walichimba siku ile na siku iliyofuata, Waislamu na Wakristo, Fanueli na miwani yake imejaa tope. Walimpata kwenye mizizi ya migomba chini, na jembe lake halikupatikana. Akazikwa siku hiyohiyo. Mbaraka hakulia mbele ya watu. Alikuwa akiangalia mikono yake tu.

Jumamosi ya gulio ilifika. Jumbe, aliyekuwa mfiwa mwenyewe, akaagiza mtu mwingine atangaze. Mbaraka akakataa. Akaja na baragumu, akasimama katikati, mbele ya magunia ya mahindi, palepale alipoitangaza amri ya matuta. Akalipiga. Soko likanyamaza hata mbuzi wakasikika.

"Lile nililowaambia hapa nimeliondoa," akasema. "Shikeni hili. Shamba lililo juu ya kijito, matuta yasilimwe. Mtu asiingie humo mpaka mvua zikatike."

Akasimama akingoja. Watu walikuwa wakimtazama. Walikwisha jua kwamba neno lile lilikuwa limelala barazani tangu wiki ile nyingine, na kwamba yeye alilijua; Fanueli, katika uchungu wake, alikuwa amelisema makaburini. Walijua pia kwamba hakumwambia hata mke wake. Hakuna mtu katika soko lile aliyekuwa na sababu ya kutomwamini Mbaraka Shemweta tena maishani mwake. Wakajibu wote kwa mara moja, wanaume na wanawake, "Tumesikia!" na jibu likagonga mlima likarudi. Mbaraka akaweka baragumu chini, akaziba masikio yake kwa viganja.

Aliendelea na kazi ile miaka mingine mingi, mpaka nywele zikawa nyeupe zote na amri zenyewe zikaanza kubandikwa kwenye mbao. Hakuwahi kuoa tena. Amina akaolewa Mgwashi, akawa anakuja kumpikia na kumfulia kila alipopata nafasi, na ndiye aliyenieleza jambo hili la mwisho.

Anasema kila neno jipya lilipotoka barazani, baba yake hakungoja gulio. Alikuja nyumbani moja kwa moja, hata kama ana njaa, akaingia jikoni akiwa amevua kofia. Mafiga yalikuwa yamepoa. Alisimama mbele ya mafiga hayo akalitaja neno lote kwa sauti ya chini, taratibu, bila kuruka kitu, kama mtu anayemweleza mwenzake. Kisha akasimama pale akingoja, kama alivyokuwa akingoja sokoni.

Siku moja Amina, aliyekuwa nje akichambua maharage, hakuweza kuvumilia. Akamjibu kupitia mlangoni, polepole, "Tumesikia, baba."

Mzee hakugeuka. "Siyo wewe, mwanangu," akasema, akaendelea kungoja.