Kadi ya Shemeji

Mama Pacha hutengeneza mvua ya filamu kwa kompyuta, nyumbani kwake, pembeni ya cherehani. Siku ya kukabidhi kazi, asubuhi, akasasisha programu bila kusoma masharti yake. Toleo la zamani likafutika, na jipya likagoma kufunguka, linataka kadi ya picha, kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachochora picha, yenye nguvu zaidi. Kazi ikakwama humo ndani, na mwenye filamu anaingoja jioni.

Akampigia mume wa dada yake, ambaye naye ni fundi wa kazi hizohizo.

“Shemeji, nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.”

“Umesasisha siku ya kukabidhi? Hata mwizi habadilishi viatu akiwa mbioni.”

Akaja na kadi, kaiviringisha kwenye taulo. Mama Pacha akaitambua. Shemeji ameing'oa kwenye mashine yake mwenyewe.

“Na wewe leo utafanyia nini kazi?”

“Leo nafua. Dada yako kalalamika vya kutosha.”

Akaichomeka, akakaza skrubu. Programu ikafunguka, na mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati ya filamu. Machozi yakamlengalenga Mama Pacha. Alikuwa amemwomba Mungu njia, naye Mungu akamletea shemeji mwenye bisibisi.