Mazoezi ya Nyuma ya Kihenge

Nguvu alizopewa Mzee Mniko wa Itiryo zingetosha watu saba, na bado zingebaki za kumpa punda. Fahali wake alipotumbukia shimoni, alimvuta kwa mkia mpaka akatoka, fahali pamoja na shimo lake. Mkia ule ulirefuka, ukawa unaburuzwa nyuma kama kamba. Asiyeamini akamuulize Nyangwine, mzee wa rika lake, ambaye siku hiyo hakuwepo lakini anakumbuka kila kitu.

Basi mtu huyo, akiwa na miaka sabini, akaota uvimbe kwenye kinena, mkubwa kama yai la kuku. Akisimama unatoka, akilala unarudi ndani. Tangu jando hajawahi kusema "ai", kwa hiyo alinyamaza mwezi mzima, mpaka mkewe Boke alipomwona anakohoa huku amejishika kinena kama mtu anayezuia kifaranga kisitoroke. Wakaenda hospitali, Bomani.

"Mzee, hii ni ngiri," daktari akasema. "Utumbo umepata upenyo kwenye ukuta wa tumbo. Dawa yake ni upasuaji, tumekupangia baada ya wiki sita. Usinyanyue vitu vizito. Lakini usikae tu, fanya mazoezi mepesi."

Katika maneno yote hayo Mzee Mniko alirudi nyumbani na neno moja: mazoezi. Kesho yake asubuhi akajitwisha ndama mabegani, akaanza kuuzunguka mji wake, nyumba na zizi. Mzunguko wa tatu ndama mwenyewe alikuwa amechoka.

Goodness aliona, akashika kichwa. Huyu ni mke wa Ezra, kitinda mimba wa Mniko anayefanya kazi Nyamongo. Ni mzaliwa wa Moshi na muuguzi wa zahanati ya kijiji. Vinena vya Itiryo nzima ameviona, kasoro kimoja. Kwa Wakurya baba mkwe anasalimiwa kwa mbali, kwa adabu, na mambo ya chini ya kitovu hayatajwi kati yake na mke wa mwanawe hata mbingu zianguke.

"Mama," akamwambia Boke, "baba atakufa na yule ndama."

"Si umwambie? Muuguzi ni wewe."

"Nianzeje, mama? 'Shikamoo baba, kinena kimeamkaje?'"

Boke alicheka mpaka akajiegemeza mlangoni. Alipopata pumzi akasema, "Basi nitaumwa mimi."

Tangu hapo, kila asubuhi Boke alitandika mkeka mbele ya kihenge cha nafaka, Goodness akasimama kumfundisha kwa sauti ya kuhubiri. Nyuma ya kihenge, juu ya ngozi ya ng'ombe, Mzee Mniko alitega masikio.

"Mama, lala chali, kunja magoti. Vuta pumzi polepole. Sasa itoe, huku unakaza tumbo kidogo. Kidogo tu!"

Fuuuu! Upepo ukatoka nyuma ya kihenge kama tairi la lori limepasuka.

"Mama, leo unapumua kwa nguvu."

"Uzee, mwanangu," akajibu Boke, ambaye alikuwa bado hajapumua.

"Ukitaka kuinuka, geukia ubavu kwanza, jisukume kwa mikono, na utoe pumzi. Usiibane. Ukikohoa, bonyeza pale kwa kiganja. Tembea mpaka mtoni kila siku. Ukisikia maumivu, acha. Na uvimbe ukigoma kurudi, ukawa mgumu na kuuma, au ukianza kutapika, usingoje kesho. Hospitali saa hiyohiyo."

"Na chooni?" ikauliza sauti nzito isiyo na mwenyewe.

"Eeh," Boke akadakia, akilikaza koo, "na chooni?"

"Usijikamue, mama. Kula mboga na matunda, kunywa maji."

Ndama akapumzishwa. Boke naye, wiki ya tatu, alikuwa mwepesi hivi kwamba kanisani watu walimuuliza mama yake amebaki wapi.

Wiki ya nne, mkokoteni wa Nyangwine uliojaa mawe ya msingi ukazamisha gurudumu mtaroni, mbele kabisa ya mji wa Mniko. Wanaume sita wakashindwa.

"Mniko!" Nyangwine akaita. "Njoo utoe kitu hiki! Siku hizi unakaa ndani kama bibi harusi!"

Mniko akaja. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jambo la nguvu akakataa. Kusema ana ngiri mbele ya rika lake? Afadhali aote pembe. Akakunja mikono ya shati, akainama, akashika gurudumu.

Goodness ndio kwanza anarudi kutoka zahanati. Akaona. Angemwambiaje? Pembeni yake beberu alikuwa anatafuna majani. Akamgeukia.

"Wewe beberu!" Sauti yake ilisikika mpaka Sirari, na ng'ambo Kenya watu wakaitika. "Ukinyanyua hilo gurudumu, utumbo utanasa! Upasuaji wa wiki mbili zijazo utafanyiwa leo leo, tena kama utafika!"

Wanaume wakamtazama beberu. Beberu akaacha kutafuna.

"Huyu naye anapasuliwa?" Nyangwine akauliza.

Mikono ya Mniko ilikuwa bado kwenye gurudumu. Akavuta pumzi. Akaitoa, fuuuu, na mikono ikatoka pamoja nayo.

"Mwambieni muuguzi beberu amesikia," akasema bila kumtazama mkwewe. Kisha akawageukia wenzake. "Nina ngiri. Wa kucheka acheke sasa hivi, nina kazi nyingine. Halafu mteremshe hayo mawe. Mkokoteni mtupu hata Boke atautoa."

Walicheka wawili tu, tena kidogo. Mawe yakateremshwa, na Boke akautoa mkokoteni kwa mkono mmoja. Ule mwingine alikuwa anafunga kilemba.

Asubuhi iliyofuata mkeka ukatandikwa. "Lala chali, mama. Toa pumzi."

Fuuuu, nyuma ya kihenge. Halafu nyingine, nyembamba, yenye mluzi: fiiii.

Boke akachungulia. Kando ya mumewe alilala Nyangwine, magoti juu, kofia tumboni.

"Miaka mitatu nami ninayo ngiri, shemeji," akanong'ona, macho yakikwepa. "Mniko, hao wa Bomani wanapokea wawili siku moja?"

"Kwanza ukapimwe," Mniko akamjibu. "Na hayo magoti yakunje vizuri. Mama muuguzi anatufundisha."