Kofia za Paluku

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka: siku mume wangu Paluku aliporudi safari na kofia ya ngozi chini ya kiti cha kamio. Tulikuwa tumeoana karibuni, tunakaa Beni. Yeye alikuwa shofere, dereva wa lori la Papa Ramazani, mfanyabiashara Mwislamu aliyesafirisha kahawa na chumvi kati ya Beni, Butembo na mpaka wa Uganda.

Nikuambie kwanza Paluku alikuwa mtu wa namna gani. Wengine wakipata faranga walinunua redio. Yeye alikusanya kofia za askari. Wabelgiji walipoondoka mbio wakati wa uhuru waliacha vitu vingi majumbani, naye akaokota kofia zao. Alikuwa hata na tarbushi nyekundu ya askari weusi wa koloni. Lakini aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kofia ngumu nyeupe ya askari Mwingereza, ya enzi za yule malkia wao wa zamani, yenye ncha ya shaba juu na mnyororo wa kufungia kidevuni. Aliipata Uganda kwa Mhindi mmoja, akampa gunia la kahawa. Jumapili baada ya misa alisugua ile shaba kwa limau na majivu mpaka ing'ae, na angeweza kukueleza kila mshono. Sikuona ubaya. Mume wa jirani yangu alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Wangu alisugua kofia.

Kisha uasi ukafika kwetu. Waasi walishika mji, wakakaa, wakafukuzwa, na askari wa serikali wakarudi na hasira, wakitafuta kila aliyewafuata hao waasi. Ndipo Paluku akaokota hiyo kofia ya ngozi ya nyani kando ya barabara, kwenye majani. Kila mtu alijua waasi walivaa ngozi. Nilimwomba aitupe. Akasema hapana, ukutani ziko kofia za kila jeshi lililopita hapa, inakosekana hiyo tu. Akaitundika.

Haikupita wiki, askari wakaingia kupekua mtaa wetu. Walipoiona hawakuuliza kitu. Walimfunga Paluku mikono, wakampeleka kambini, na siku zile waliopelekwa huko kwa neno la uasi hawakuwa wakirudi. Nilikimbia kwa Papa Ramazani bila viatu, nikiwa na mimba. Alivaa kanzu yake, akaja kwetu, akazitoa kofia zote zilizobaki ukutani, akazitia kapuni, tukaenda.

Komanda alikuwa ameketi nje, kofia ya ngozi miguuni pake. Papa Ramazani akapanga zile nyingine mezani, moja moja, ile nyeupe mwisho.

"Mon commandant," alisema, "kama huyu iko mwasi juu ya ile ya ngozi, basi juu ya hii iko Mwingereza, na juu ya hii iko Mubelgiji. Ni mutu wa kuokota kofia tu. Iko mujinga, hapana adui."

Komanda aliigeuzageuza ile nyeupe, akaijaribu kichwani. Ilimkaa vizuri. Askari wake wakatazama chini wasicheke. Akaamuru Paluku afunguliwe. Kofia zote zilibaki pale, na ile ya ngozi wakaitupa motoni mbele yetu. Paluku alirudi nyumbani, lakini sikio lake moja halikusikia tena kwa vile walivyompiga.

Nilidhani Papa Ramazani atamgombeza kwa kutuletea hatari. Hakugusa hilo.

"Paluku," alimwambia kwa sauti ya chini, "ile ya Mwingereza, mwenyewe alikufa zamani, na bale balimulilia bamekufa. Lakini hii ya ngozi, mwenyewe ni nani? Ulimutafuta kwenye majani?"



Nilikuwa nimeshajifungua wakati mama mmoja alipofika mlangoni kwetu, ametoka mbali, Manguredjipa, kwa miguu. Alikuwa amesikia habari za shofere aliyefungwa juu ya kofia. Waasi walimchukua mwanawe, akaondoka amevaa kofia ya ngozi ya marehemu baba yake, aliyekuwa mwindaji. Alitaka kuiona tu. Paluku akamweleza kwamba ilichomwa. Basi yule mama akamwomba amwambie kofia yenyewe ilionekanaje.

"Nyuma ilikuwa imepasuka," Paluku alisema, "mutu akaishona na uzi wa buluu, mara mbili."

Mama alijishika mdomo. "Ni mimi nilishona."

Asubuhi yake Papa Ramazani akatuazima kamio, na Paluku akatupeleka pale alipoiokota kofia. Tulimkuta kijana chini kidogo ya barabara, mifupa na mkanda wake. Paluku alichimba kaburi mwenyewe, hakukubali kupokewa jembe. Yule mama alimshukuru. 

Basi, mwanangu, wewe na wenzako mnaopita barabara hizi hizi na pikipiki zenu: kupenda vitu vya zamani si kosa. Lakini ukiokota kitu cha mtu mahali palipopita vita, usitafute msumari wa kukitundika. Angalia kwanza pembeni. Uliza walio karibu, peleka habari kwa padri au kwa imamu, maana yuko mtu anayekitafuta. Ukimjua, mpelekee, hata akikaa mbali.

Mungu akutangulie barabarani, ayaongoze macho yako, na wanaokungoja nyumbani wakuone ukirudi mzima.